Shaba inatangulia, watu wanafuata

Hapa kwetu mu Kenya, ndani ya soko, maulizo ni moja tu. «Kisha Dubai na China, ni wapi?» Si maulizo ya watu wanaotembea kwa raha. Kwetu mutu anaendaka safari juu ya kuleta kitu: nguo, simu, dawa, ao diploma ya mutoto. Yule anayefika wa kwanza anajenga nyumba. Yule wa kumi anarudi na deni.

Nimeiona kwa macho. Wakati wa Zaire, mu miaka ya 1990, mama mumoja wa avenue yetu alienda Dubai. Alirudi na mabegi ya nguo, na mbele jua halijashuka zote zilikuwa zimekwisha kununuliwa. Safari iliyofuata walienda watatu. Miaka michache tena, avenue nzima ilikuwa inauzisha blauzi moja, rangi moja, na bei ikaanguka. Jirani mumoja aliuzisha lupango yake apate tikiti. Alipofika na mizigo, watu walipita tu, hata kuuliza bei hapana.

Basi, mutu atajua namna gani mbele ya wengine? Wengine wanauliza wanaotoka uwanja wa ndege. Lakini yule anayetoka huko amekwisha kuwa wa pili. Mimi ninaangalia shaba. Pale shaba inapita, watu wanapita nyuma yake.

Angalieni mambo ya zamani. Mwaka wa 1910 reli iliingia Elisabethville, ndilo jina la kwanza la Lubumbashi, ikitoka Rhodesia. Ilikuja juu ya shaba, si juu yetu. Lakini wazee wetu walifuata reli ile ile, njo maana mupaka leo jamaa nyingi za hapa ziko na ndugu Ndola ao Kitwe. Kisha malori yakabeba shaba mupaka Durban, na vijana wakafuata Johannesburg. Mu Yeoville utasikia Lingala na Swahili yetu barabarani. Malori mengine yakashika njia ya Dar es Salaam, na wamama wetu wakajua maduka ya Kariakoo vizuri kuliko wanavyojua Kinshasa. Na kobalti ya Kolwezi inaishia wapi? Inaishia China. Wenzetu nao wakafika Guangzhou.

Mutanikatalia: na Dubai je? Haki yenu. Dubai haikufuata shaba, ilifuata nguo na simu. Vilevile India, wagonjwa wetu wanaendaka kule juu ya hospitali. Kipimo changu kiko na matundu, sifichi.

Lakini sasa sikieni. Kuko njia moja inayoamuka: ya Lobito, ku bahari ya Angola. Reli ya Benguela ilifika kwetu mu Katanga mwaka wa 1931. Wazee waliitumikia mupaka vita ya Angola ya 1975 ikaikata, na miaka karibu makumi ine haikuwa na kazi kwetu. Angola iliitengeneza upya, na mwaka wa 2015 ikafunguliwa tena mupaka Luau, ku mupaka wetu, kilometa zaidi ya 1,300 toka bahari. Kampuni ingine ikapewa njia hiyo, na toka mwisho wa 2023 shaba ya Kolwezi ikaanza kushuka Lobito. Mwaka wa 2024, mwezi wa 12, Rais Joe Biden wa Marekani alienda yeye mwenyewe kuiangalia. Rais wa Marekani haangaliaki reli bure.

Kweli, leo kampuni hiyo inabeba shaba, si watu. Na upande wetu, toka Dilolo mupaka Kolwezi, njia ni ya taabu. Lakini mu 1910 vilevile ni shaba ilianza.

Alama ya kuangalia ni usukani. Gari zinazotoka Durban ao Dar ziko na usukani kuume. Angola wanaendesha kama sisi, usukani kushoto. Siku mutakapoona gari za kushoto zinazidi mu Kenya, mujue kama muko wa pili.

(Kuko wanaosema safari inayokuja ni Kenya, ile ya Nairobi. Hawako mbali na kweli: nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, na mwaka uliofuata Wakongomani wakaondolewa viza ya kule. Watu wa Kenya kwenda Kenya bila viza! Lakini sababu hiyo hiyo, kila mutu ataenda, na faida itakuwa kidogo.)

Juu ya nini ninawaandikia haya? Mutoto wangu mwanamuke atapokea likelemba mwaka huu, dolari 3,000. Ni feza ya miaka miwili ya kuuzisha unga. Wenzake wanamuvuta Guangzhou. Yeye anataka Lobito. Baba mukubwa wake anakatala: mwaka wa 2018 Angola ilifukuza Wakongomani wa mu machimbo ya almasi, mamia ya maelfu walirudi Kasai, wengine na nguo ya mwilini tu. Ni neno la kweli, na nyumbani hakuna aliyecheka.

Mimi nimesema hivi: aende kuangalia kwanza, na dolari 400, zingine zibaki. Asinunue kitu. Aende na karatasi zote, na akae mbali na machimbo. Mwezi wa tano mvua inakwisha, njia ya Dilolo inakauka. Jioni anajifunza kuhesabu kwa Kireno, na amekwisha kuuliza shofere mumoja bei ya makayabu ku Lobito. Shofere hakujua. Mutoto akafurahi sana.