Jina Ndani ya Kofia

Nashona kofia za viua tangu nikiwa msichana wa skuli, na kwa miaka mingi hakuna aliyeniita msanii, wala mwenyewe sikujiita hivyo. Nilikuwa mshonaji, kama mama na mama mdogo, kama wanawake wengi wa mtaani kwetu hapa Unguja. Kofia ilikuwa kazi ya katikati ya kazi: wali umeshapaliwa makaa, unashika sindano, mtoto kalala, unashika sindano.

Anayevaa kofia ya mkono siku ya Idi aivue aitazame vizuri. Kuna kiduara cha juu, na kuna ukingo unaozunguka kichwa. Mwenye mkono mwepesi huchora maua kwa penseli juu ya kitambaa cheupe. Mshonaji hufuata mistari ile kwa uzi, na penye viua hutoboa vitundu vidogo mno, kimoja baada ya kimoja, akavizungushia uzi visichanike. Ukivuta kwa nguvu, kitambaa kinakunjamana. Ukilegeza, kitundu kinafumuka mara tu kofia inapofuliwa. Kofia nzuri huchukua miezi. Ikimalizika inakwenda dukani, na huko mteja ataambiwa bei na ataonyeshwa maua. Nani kashona, haulizwi mtu.

Kilichonigeuza ni ziara ya kikundi chetu cha akina mama kwenye Makumbusho ya Kasri pale Forodhani, jumba walimokaa masultani mpaka Mapinduzi ya 1964. Nilikwenda nikitarajia viti vya enzi na picha za wanaume wenye vilemba, na hivyo vyote nilivikuta. Lakini kilikuwapo pia chumba cha kumbukumbu ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844.

Mwalimu wetu wa kikundi alitueleza habari zake tukiwa tumesimama pale. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, ila kuandika hawakufundishwa. Salme akatafuta mfupa wa bega la ngamia, akachukua wino, akawa ananakili herufi za msahafu kwa siri mpaka mkono ukazoea. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Yapo mambo humo nisiyoweza kuyakubali, hasa anavyoutetea utumwa, na nadhani kumheshimu mtu hakutudai tuyafumbie macho. Lakini anayetaka kujua watu wa Mtoni walikula nini, walivaa nini na walilelewaje, atapita kwake tu. Wanaume wengi waliliandika kasri kwa nje. Yeye alilelewa ndani.

Mfupa ule haukunitoka akilini. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba mambo makubwa huanza na vitu vikubwa.

Tukiwa njiani kurudi, mwalimu akatuuliza kama tunajua Siti binti Saad alianza na nini. Wengi tulimjua kwa taarab. Hatukujua kwamba alizaliwa Fumba, yapata 1880, mtoto wa mwanamke mfinyanzi, na kwamba kabla ya kuimba alikuwa akibeba vyungu vya mama yake kwenda kuviuza mjini, akivinadi kwa sauti ile ile. Binti huyo wa vyungu alifika kuimba mbele ya Sultani, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Aliimba mapenzi, ndiyo, lakini aliimba pia dhuluma: wimbo wa Kijiti unahusu mwanamke aliyeuawa. Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na wanahabari wanawake wa TAMWA wakaliita jarida lao Sauti ya Siti.

Mimi mawazo yangu yalibaki kwa mama yake Siti, yule mfinyanzi. Vyungu vingapi vimo kwenye makabati ya makumbusho, vimeandikwa vilikotoka na vilivyotumika, na jina la aliyevifinyanga halipo? Mikeka pia, makawa pia. Na kofia.

Kofia niliyokuwa nayo mkononi wakati ule nilipoimaliza, nilitia jina langu kwa uzi mweupe upande wa ndani, chini ya ukingo, kwa herufi ndogo kama viua vyenyewe. Mama mdogo aliliona kabla ya mtu mwingine yeyote.

“Jina la nini, mwanangu? Hii itavaliwa msikitini.”

“Ndiyo maana nimelitia ndani, mama mdogo. Halimsumbui mtu. Ila mie nijue lipo.”

Hakusema kitu, akanirudishia. Mnunuzi niliyemzoea alisema zaidi. Alisema wateja hawataki jina la mwanamke kichwani, akaikataa. Nilirudi nayo nyumbani na nilikasirika kwelikweli, lakini sikulifumua. Kofia ile aliinunua mtu wa harusi, akaja baadaye mjomba wake kunitafuta kwa jina, anataka nyingine. Sisemi nimetajirika. Nasema sasa bei naizungumza mwenyewe na mvaaji, na namwambia imechukua muda gani.

Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, kikundi chetu huazima darasa la skuli ya karibu tukapanga kazi zetu juu ya madawati: kofia, mikeka, makawa ya ukili. Kila kitu kina karatasi yake, kama makumbusho: jina la aliyefanya, kijiji, mwaka, muda alioutumia. Wasichana wa skuli ndio huandika karatasi hizo, maana wanatakiwa wamhoji kila mmoja wetu kwanza, na maswali yao ni makali kuliko ya wanunuzi.

Mara ya mwisho mama mdogo alikuja na kofia aliyoishona ujanani. Msichana alipomuuliza jina aandike nini, alitaja la kwake, kisha akamwambia aongeze la mama yake na la bibi yake, kwa sababu mchoro ni wao. Karatasi haikutosha. Wakabandika ya pili.