Ngoma Ikivuma Sana

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa ngoma ikivuma sana hupasuka. Methali hii iliingia nyumbani kwetu siku mwenye matatu mmoja alipomtaka kaka yangu, ambaye ni dijei wa harusi, amrekodie mseto wa nyimbo wa saa moja. Kaka aliurekodi kwa tarakilishi, akaupeleka, akarudi mikono mitupu. Yule bwana alikataa katakata kulipa, ati nyimbo zinakwaruza kama bati linaloburutwa. Pesa hizo zilikuwa za karo ya dada yetu mdogo, kwa hivyo mama aliposema miksa iuzwe, hakuna aliyekuwa na la kujibu. Kaka aliomba siku tatu tu.

Madijei wengi hupenda kuona taa nyekundu za miksa zikiwaka, eti ndiyo muziki uwe na nguvu. Enzi za kaseti, utepe ukizidiwa ulipinda sauti taratibu. Tarakilishi haina huruma hiyo. Kipimo chake cha juu kabisa ni desibeli 0, na juu ya hapo hakuna kitu. Wimbi la sauti likipita kiwango hicho hukatwa kichwa, likabaki bapa, na ubapa huo ndio sikio husikia kama mkwaruzo. Ukiishusha sauti baadaye, utapata mkwaruzo uleule, ila wa chini.

Basi usiku ule tulianza upya. Waya ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la maikrofoni, ambalo limeundwa kupokea sauti hafifu mno. Tukauhamishia tundu la kupokelea sauti za vyombo. Kisha tukapima kila wimbo peke yake, vitufe vya besi vikiwa katikati, hadi taa zikawa za kijani, ya njano ikichungulia mara mojamoja. Mwishowe tukajaribisha pale penye kelele kuliko pote, yaani nyimbo mbili zinapopishana, kwa sababu sauti mbili zikikutana zinaweza kuongeza hadi desibeli 6. Hapo ndipo tulipolinganisha kipimo cha programu ya Audacity, vilele vikawa karibu na hasi 6.

Kaka alinung'unika, "Aah, hii iko chini sana. Jamaa atasema imelala."

"Si atapandisha mwenyewe kwa redio yake?" nikamjibu.

Hatukushusha kupita hapo pia, maana ukija kupandisha sauti iliyo chini mno, mvumo wa waya nao hupanda. Kurekodi kulipokwisha, kaka aliinua mseto wote kwa pamoja ndani ya programu, kilele kirefu zaidi kikaishia hasi 1. Hakuna wimbi hata moja lililokatwa.

Siku ya tatu mseto ulichezwa stendi hadi vioo vya matatu vikatetemeka. Mwenye gari alisikiliza nyimbo nne bila kusema neno, kisha akahesabu noti. Zililipa nusu ya karo. Nusu nyingine bado tunaisaka. Miksa haikuuzwa.

Ewe unayetamani udijei, na hata wewe unayerekodi kwaya ya shule kwa simu, acha nafasi kidogo juu. Sauti iliyo chini kidogo hupandishwa. Iliyokatwa kichwa hairudi.