Fundi wa Matimba

Mwaka 2015, wachimbaji watano walipotolewa hai katika machimbo ya Nyangarata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi, nchi nzima ilisimulia walivyokula vyura, mende na mizizi. Karani wa karasha moja, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huko Nyarugusu, Geita, aliisikia habari hiyo redioni akiwa na mwenzake wa tangu shule. Mwenzake hakutaka kujua walikula nini. Aliuliza, "Matimba alifunga nani?"

Ndiyo ilikuwa kazi yake: kupanga magogo kwenye kuta za duara, yaani shimo la wachimbaji, ili udongo wa juu usimeze watu kabla hawajaufikia mwamba. (Karani huyo ndiye anayeandika haya, miaka ya kuandika majina ya wengine imemzoesha kujiweka kando.)

Wawili hao walimaliza darasa la saba mwishoni mwa miaka ya 1980, katika kijiji cha pamba wilayani Shinyanga. Mmoja alijua insha, mwingine hesabu. Walinakiliana, wakachapwa pamoja. Malipo ya pamba yalipozidi kuchelewa, vijana wa rika lao walitawanyika. Mwadui, mgodi wa almasi alioanzisha Williamson mwaka 1940, haukuwa mbali, lakini kule ulihitaji ajira ndipo uvuke uzio. Nyarugusu ilikutaka uwe na nyundo, moko (tindo) na kifua.

Karani alianza kwa kubeba mawe, kisha mwandiko ukamwokoa. Akapewa kaunta buku ya kuandika mgao wa mawe: mifuko ya mwenye leseni, ya mwenye duara, ya wachimbaji. Rafiki alibaki chini. Kila asubuhi alishuka wa kwanza, akigonga gogo moja moja kwa mgongo wa shoka huku ametega sikio. Gogo zima lilimjibu kwa mlio mkavu, lililooza lilinyamaza. Udongo ukianza kuchuruzika katikati ya magogo, alipiga mluzi na kazi ikasimama, hata kama tajiri mwenyewe yuko juu anahesabu mifuko. Matajiri wengi hawakumpenda. Wachimbaji walimgombania.

Udongo haukumpata. Kilichomuua ni vumbi.

Mwamba wa dhahabu una silika nyingi. Ukitobolewa mkavu hutoa vumbi jembamba linalozama hadi ndani ya mapafu na kuacha makovu, na mapafu yenye makovu hushikwa upesi na kifua kikuu. Rafiki alikuwa akijifunga kitambaa puani, kinga isiyozuia vumbi la aina hiyo. Alimeza dawa za TB miezi sita, akamaliza dozi, vipimo vikawa safi. Pumzi haikurudi. Dawa huua vimelea, makovu haiyagusi.

Alifariki mwaka 2019, muda si mrefu baada ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kufungua soko la dhahabu la Geita, mwezi Machi. Siku hizo vijiwe vyote vilizungumzia mizani ya wazi na madalali waliokosa pa kujificha. Msibani kijijini walisema ni kifua tu, na neno dhahabu halikutajwa. Karani hakuridhika, na hadi leo hajaridhika. Duara likititia, majina husomwa redioni. Anayekufa kwa vumbi husafirishwa kwao akaandikwa mgonjwa, na machimbo yakabaki na rekodi safi.

Kilikuwa kimebaki kiporo cha mgao wake. Mjane alipiga simu: "Shemeji, wanasema marehemu hadai kitu."

Karani akafungua kaunta buku mbele ya tajiri na wachimbaji. Mifuko ya marehemu ilikuwepo, kwa tarehe, pamoja na sahihi ya tajiri mwenyewe. Tajiri akakubali, ila akataka kwanza akate bei ya tochi ya kichwani.

"Tochi alinunua mwenyewe, bosi," karani akasema, akafunua ukurasa uliofuata. Mawe ya marehemu yakapakiwa kwenda karasha jioni ile ile.