Hisa ya mhami haipotei kwa sababu amekimbia

Vita vinapofika, watu wanakimbia na watoto, sufuria na nguo chache. Karatasi za kampuni, ni wachache wanaozikumbuka. Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wapo wafanyabiashara waliovuka hadi Gisenyi, na wengine walienda mbali zaidi. Miezi inapita, mmoja anapiga simu kuuliza faida yake, anajibiwa: «Wewe hauko tena ndani.»

Tuseme ni mama aliyechanga pesa na shemeji zake wawili, wakafungua SARL ya mashini za kusaga unga. Yeye ana hisa 20 kwa 100. Akiwa kambini, shemeji wanafanya mkutano bila kumwita na kuandika kwamba ameacha sehemu yake.

Kongo inafuata sheria ya OHADA tangu Septemba 2012, na sheria yake ya makampuni ilirekebishwa mwaka 2014. Hiyo sheria haisemi kwamba anayekimbia amepoteza mali. Katika SARL, hisa inauzwa au kuachiwa mtu kwa maandishi. Mkutano nao unaitishwa siku 15 mbele, na kila mwenye hisa anaitwa. Asiyeitwa anaweza kuomba korti ifute mkutano huo.

Wengi wanaona haya kumpeleka shemeji kortini. Lakini zipo hatua za kuanzia. Ya kwanza ni kutafuta kopi ya statuti katika daftari la biashara, RCCM, ili jina lake na hesabu ya hisa zake vionekane. Ya pili ni barua. Mara mbili kwa mwaka wa hesabu, mwenye hisa anaweza kumwuliza msimamizi kwa maandishi juu ya jambo lolote linaloweza kuangusha kampuni, naye anapaswa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 15. Kila barua ibaki na kopi yenye alama ya kupokelewa.

Barua ikikosa jibu, mwenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji anaweza kumwomba rais wa tribinali ya biashara ateue mtaalamu wa kuchunguza jinsi kampuni inavyoendeshwa. Mama wa hisa 20 anafikia kipimo hicho peke yake. Wenye hisa ndogo wanaweza kujiunga pamoja.

Kuna pia ujanja wa kuongeza mtaji kusudi tu hisa za mdogo zibaki si kitu. Wakubwa wakipiga kura kwa faida yao peke yao, wakimuumiza mdogo, na kampuni yenyewe haikuhitaji uamuzi huo, sheria inauita matumizi mabaya ya wingi. Korti inaweza kuufuta na kuwalipisha waliopiga kura hiyo.

Hatari kubwa ni muda. Kesi ya kufuta uamuzi wa kampuni inazimika baada ya miaka 3. Kambini miaka 3 inapita bila mtu kuhesabu, na asitegemee kwamba vita vitamsimamishia siku. Asiye na pesa ya avoka aulize ofisi ya mawakili wa bure ya baraza la mawakili, na aende na alichonacho: risiti, ujumbe wa simu, majina ya waliomwona akitoa mchango.