Fundi wa Chini ya Sitaha

Useremala nilifunzwa na mjomba wangu Takaungu, baada ya kumaliza shule ya msingi na karo ya kuendelea kukosekana. Yeye alikuwa fundi wa mashua na madau ya wavuvi. Kwake nilijua kushika randa, kutia kalafati na kuutazama ubao vizuri kabla ya kuukata. Vyombo vile havikuwa na dari. Chombo kikivuja, maji yanaonekana yanapoingilia, na siku hiyohiyo kinapandishwa pwani.

Daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991 na pantoni ikapumzishwa, mimi nilikuwa nimeshapata kibarua katika yadi ya boti kwenye hori. Yoti za wageni zilikuwa zikiingia kutoka Shelisheli, Madagaska na Afrika Kusini, zikatia nanga kungojea msimu wa pepo. Wenyewe waliishi ndani miezi na miezi, na malalamiko yao hayakwisha: pampu, betri, choo, na dari.

Yoti nyingi za faiba zilizoundwa miaka ya 1970 na 1980 zilibandikwa darini reksini nyeupe yenye sponji mgongoni. Kwa joto la pwani sponji ile haidumu. Inasagika ikawa vumbi la hudhurungi linalonata vidoleni, na reksini inabaki haina cha kuishika. Inaning'inia hadi aliyelala kitandani inamgusa paji la uso. Wengi walitaka niipake gundi nyingine na kuirudisha. Lakini gundi ukiipaka juu ya vumbi inashika vumbi, haishiki faiba. Na ile ya makopo wanayotumia mafundi viatu, jua la Januari likipiga sitaha mchana, inalegea. Dawa ni kubandua yote, kuipiga faiba brashi ya waya hadi iwe safi, kisha kujenga dari ya mbao inayofungwa kwa skrubu.

Hapo ndipo kazi inapoanza, maana dari ikishuka, sitaha inasema kweli yake. Nakumbuka mzee mmoja Mfaransa ambaye dari yake ilikuwa ya mbao zilizovikwa reksini, na doa la kahawia juu ya kitanda cha mbele. Alikuwa anangojea wageni wake, akataka reksini mpya tu.

“Fundi, nimekuita kwa dari, sikukuita kwa sitaha,” akaniambia.

“Mzee, ruhusu nitoe ubao mmoja,” nikamjibu. “Ukiwa mkavu, naurudisha bure.”

Ubao ulitoka umeoza pembeni, umevimba na kuachana tabaka. Juu yake palikuwa na safu ya nati za vifaa vya sitahani. Kila nati nikaizungushia karatasi ya choo, kijana wangu wa kazi akapanda juu na mpira wa maji. Nilimwagiza aanze sehemu ya chini, apande polepole. Juu ya doa hakukulowa kitu. Karatasi iliyolowa ilikuwa mbele zaidi, chini ya nguzo ya ukingo. Maji yaliingilia pale, yakatambaa juu ya dari, yakadondokea kitandani.

Sitaha za namna hiyo ni tabaka mbili za faiba, katikati pana mbao nyepesi za balsa. Bolti ikilegea, balsa inanywa maji na kuoza bila mtu kuona. Tuling'oa nguzo, tukachokonoa uozo mweusi kwa msumari uliopindwa na kufungwa kwenye drili, tukajaza epoksi, ikakauka, ndipo tukatoboa tundu upya katikati ya epoksi. Mzee alikuja kuuangalia ule uozo kiganjani mwangu, hakusema neno la reksini tena. Mjomba angesema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mbao za dari zina adabu zake. Ubao wa zamani, hata uliooza, hautupwi kabla haujatumika kuchora mpya, kwa sababu ndani ya yoti hakuna pembe mraba. Mimi hutumia plaiwudi ya baharini ya milimita 4. Nene zaidi haikubali kupinda na inakula nafasi ya kichwa. Nakata nikiacha upenyo wa reksini itakayokunjwa pande zote. Mgongo na kingo napaka epoksi, maana unyevu huanzia nyuma. Pini za stepla za kushikia reksini ziwe za chuma cha pua. Za kawaida hutoa kutu hadi upande wa mbele. Na kila ubao nauandika mgongoni mahali pake: mbele kushoto, nyuma kulia.

Oktoba 2009 maharamia wa Kisomali waliwateka Waingereza Paul na Rachel Chandler kwenye yoti yao karibu na Shelisheli. Tayari wageni walikuwa wanaogopa bahari yetu. Baada ya hapo hori likapoa kabisa. Nikahamia boti za uvuvi wa michezo za Watamu na Malindi. Huko adui ni mtikisiko wa injini: skrubu zinajifungua zenyewe na mbao zinapiga kelele. Nilizoea kuweka kitambaa kinene kati ya ubao na fito unazofungiwa, na washa chini ya kila skrubu.

Vijana wa yadi huniuliza kwa nini sibandiki mbao kwa gundi, kazi ikaisha upesi na vichwa vya skrubu visionekane. Jibu langu halijabadilika: juu ya dari kuna nyaya, kuna bolti, na iko siku maji yataingia. Fundi atakayekuja baada yako aweze kuifungua kwa bisibisi, si kwa patasi. Na wewe mwenye boti, ukiona doa darini, usianze na bei ya kitambaa. Uliza kwanza maji yanatoka wapi.