Padre Aliyeacha Altare Akaenda Bungeni

Kwetu Nyamiaga, wilaya ya Ngara, neno la mtu wa Kanisa lina uzito. Akisema Jumapili kwamba njia ya kwenda kigango imeharibika, Jumatatu watu hutoka na majembe. Kwa hiyo si ajabu, kila uchaguzi unapokaribia, kusikia watu wakisema: “Huyu ndiye anayefaa. Hali rushwa. Kwa nini tusimpe kura?”

Swali hilo si la mzaha. Kila nikilifikiri hunijia habari za Dakta Wilbrod Slaa, kwa kuwa yeye alikuwa padre wetu Wakatoliki kabla hajawa mwanasiasa.

Alizaliwa mwaka 1948 katika nchi ya Mbulu. Alipewa upadre mwaka 1977, akasomea sheria za Kanisa huko Roma mpaka akapata shahada ya udaktari. Tangu mwaka 1985 mpaka 1991 alikuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki. Mwaka huo wa 1991 aliacha kazi ya upadre. Mwaka 1995 watu wa Karatu walimchagua kuwa Mbunge kwa chama cha Chadema, wakamrudisha mwaka 2000 na tena 2005.

Tazameni mpangilio wa miaka hiyo. Aliacha altare kwanza. Ubunge ulikuja baadaye. Naye alijua sheria zinasemaje. Kanuni ya 285 ya sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawakataza mapadre kushika vyeo vya kutawala raia. Kanuni ya 287 inawakataza kushiriki kwa bidii katika vyama vya siasa, isipokuwa wakubwa wa Kanisa wakiona kwamba haki za Kanisa au mafaa ya watu wote yanadai hivyo.

Wapo wanaodhani sheria hii imewekwa kwa sababu siasa ni uchafu. Sivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliwasifu wale wanaojitoa kutumikia nchi yao. Sababu ni nyingine, nasi wa vijijini twaiona kwa macho. Katika jumuiya yetu ndogo wamo wenye kadi za vyama mbalimbali, na wasio na kadi yoyote. Mgonjwa akizidiwa usiku, jamaa zake hukimbia kumwita padre alete Mpako Mtakatifu. Hawaulizi yeye ni wa chama gani. Je, wangekimbia vile vile kama jana yake alikuwa jukwaani akiwasema? Na mwenye dhambi, angepiga magoti kuungama mbele ya mtu ambaye juzi alimnyima kura?

Dakta Slaa alipokuwa ameondoka altareni alifanya kazi kubwa. Mwezi wa Septemba 2007, huko Mwembe Yanga, Temeke, alisoma hadharani majina ya watu aliowashutumu kwa ufisadi. Siku zile watu walikuwa wakinong'ona juu ya fedha za akaunti ya EPA katika Benki Kuu. Ukaguzi ulionyesha kwamba shilingi bilioni 133 zilikuwa zimelipwa isivyo halali, na Januari 2008 Gavana wa Benki aliondolewa kazini. Mwaka 2010 Slaa aligombea urais, akawa wa pili, akipata zaidi ya robo ya kura zote.

Lakini siasa ina bei yake. Mwaka 2015 Chadema ilimsimamisha Edward Lowassa, aliyetoka CCM, agombee urais. Slaa hakukubali, akajitenga. Mwaka 2017 Rais Magufuli alimteua kuwa balozi, akaenda Sweden. Na wengi waliomshangilia zamani wakamwita msaliti. Mwaka 2023 Rais Samia alimvua hadhi ya ubalozi. Mwanasiasa huweza kuvumilia mambo hayo, leo rafiki, kesho adui. Mchungaji wa roho hawezi, maana rafiki na adui wote ni kondoo wake.

Katika madhehebu mengine kanuni si kama zetu. Mchungaji Christopher Mtikila aliongoza chama cha DP akiwa bado mchungaji. Kwa miaka mingi alidai mahakamani haki ya raia kugombea bila chama, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, huko Arusha, ilimpa haki. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015. Hatumhukumu, alifuata njia ya kwao.

Nasema haya kwa sababu jambo lenyewe limefika mlangoni kwangu. Katekista wetu, kijana anayetuongozea sala padre asipofika, anasukumwa na watu agombee udiwani. Alinijia jioni moja akaniuliza, “Mzee, wewe wasemaje?”

Nikamwambia, “Mwanangu, wewe ni mlei, sheria haikufungi. Lakini siku utakayochukua fomu, mkabidhi paroko kitabu cha sala. Usitusomee Injili Jumapili, kisha Jumatatu utuombe kura kwa sauti ile ile. Mshika mbili moja humponyoka.”

Akanyamaza kidogo, akasema, “Na wakatekumeni je?” Hapo ndipo penye uchungu. Akiondoka, hatuna mwingine aliyefundishwa kazi hiyo, na Pasaka haitatungoja. Mpaka leo anafikiri, nami simharakishi.

Basi, ndugu zangu, tujiulize sisi tunaokaa mabenchini. Kwa nini tukitaka mtu asiyekula rushwa macho yetu hukimbilia altareni? Uaminifu haukuwekwa juu ya mapadre na makatekista peke yao. Kila aliyebatizwa anadaiwa: mwuza kahawa kwenye mizani, karani ofisini, mwenyekiti wa kitongoji anapogawa mbolea. Wazazi, mtoto akirudi dukani na chenji iliyozidi, mrudisheni airudishe usiku huo huo. Tukiwalea hivyo, diwani mwema atatoka nyumbani mwetu, na padre atabaki na kazi yake, akimngoja kila mtu.