Hedhi Ilirudi, Kila Mtu Akaniambia Niachishe Mtoto

Ukijifungua, utaambiwa kila kitu kuhusu mtoto. Utaambiwa venye atalala, venye atabebwa, chanjo ni lini, uji wa kwanza ni lini. Kuhusu mwili wako utaambiwa kunywa supu na uji wa wimbi ndio maziwa yashuke. Hapo imeisha. Hakuna mtu atakaa chini na wewe akuambie hedhi itarudi aje, ikirudi inamaanisha nini, na haimaanishi nini.

Mimi nina miaka 22, mama wa mtoto mmoja, na leo nataka tuongee hiyo kitu. Kama hauna mtoto, usipite. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, ule wanauita KDHS, ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 hapa Kenya walikuwa washawahi kupata mimba. Hao si watu wa mbali. Ni watu tumekaa nao dawati moja.

Yangu ilirudi mtoto akiwa na miezi tisa. Nilikuwa nimeanza kumwachisha polepole juu ya kazi: ziwa la mchana tayari limeisha, la usiku limebaki mara moja tu. Nilikuwa kwa matatu Jogoo Road, jamu ya jioni, nikahisi ile kitu kila dem huijua bila kuangalia. Hesabu vizuri: miezi tisa ya mimba, miezi tisa ya kunyonyesha. Mwaka mmoja na nusu bila kununua sodo hata moja. Kwa mkoba nilikuwa na nepi mbili za mtoto na chupa ya maji. Nilijifunga sweta kiunoni nikashuka hivyo, nikaingia choo cha kwanza nilipata, nikatumia nepi. Usicheke. Ilifanya kazi.

Shida haikuwa hiyo damu. Shida ilikuwa ushauri uliokuja nyuma yake. Kufika saa tatu usiku nilikuwa nimeambiwa mambo matatu na watu watatu, na wote wananipenda.

Shosho kwa simu: "Mami, maziwa na damu havikai nyumba moja. Hayo maziwa yameharibika. Mwachishe kesho, la sivyo mtoto ataanza kuhara."

Nikamwambia, "Shosho, nimekuskia." Huwezi bishana na shosho kwa simu.

Jirani, tukianua nguo: "Afadhali sasa umeona damu. Ndio uanze kujichunga. Hiyo miezi yote ulikuwa salama, mtoto akinyonya huwezi shika mimba."

Na baba mtoto, akiwa ameshika rimoti: "Si umalizane tu na hiyo mambo ya kunyonyesha, mwili urudi kawaida?"

Sasa sikiza. Hayo mambo matatu yanaweza badilisha maisha ya mtu, na nimeona yakibadilisha. So tuyachukue moja moja, lakini kwanza tuelewane mwili unafanya nini.

Mtoto akinyonya, ubongo wako unatoa homoni inaitwa prolaktini. Hiyo ndiyo inaambia matiti yatengeneze maziwa. Kunyonya huko huko pia kunatuliza zile ishara ambazo ubongo hutuma kwa ovari ndio yai likomae. Yai lisipokomaa, hakuna hedhi. Kwa hivyo kinachozuia hedhi ni mtoto kunyonya mara nyingi, mchana na usiku. Akianza kula uji na viazi, akianza kulala usiku mzima, ama wewe ukianza kushinda kazini, mara za kunyonya zinapungua. Ubongo unaamka unasema haya, turudi kazi. Ndio maana mama ambaye hanyonyeshi kabisa anaweza ona hedhi miezi miwili haijaisha, na mwingine ananyonyesha sana akapitisha mwaka. Wote wako sawa.

Sasa angalia yangu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi sita, halafu aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka miwili ama zaidi. Mitatu, sita. Toa mwenyewe uone nani anabaki na deni. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inasema mwajiri atenge chumba cha mama kunyonyesha ama kukamua maziwa. Pale nilikuwa nauza vifuniko vya simu, chumba changu kilikuwa stoo, nimekalia katoni, mlango nimeuzuia na mguu. Na mimi angalau nilikuwa na likizo. Kuna mabeste wangu wa vibarua walirudi wiki ya tatu, tumbo bado linauma.

Kwa hivyo hedhi yangu haikurudi juu maziwa yalioza. Ilirudi juu ratiba ya kazi ilipunguza mara ambazo mtoto alikuwa ananyonya.

Tuanze na Shosho. Maziwa hayaharibiki hedhi ikirudi. Damu ya hedhi inatoka kwa mji wa mimba. Maziwa yanatengenezwa kwa matiti, na hakuna mahali yanachanganyikia. Chenye kinaweza tokea ni kwamba siku chache kabla ya hedhi ama siku za kwanza, wamama wengine wanaona maziwa yamepungua kidogo, ama chuchu zinauma, ama mtoto anakuwa mkali kwa ziwa. Ilinipata. Mtoto alikuwa anavuta, anaacha, analia, ananiangalia kama mtu ameuziwa soda imeisha gesi. Siku tatu hivi ikaisha. Ukimnyonyesha zaidi hizo siku, maziwa yanarudi yenyewe.

Najua Shosho hakuitoa hewani. Kiswahili chenyewe kina neno kubemenda, la mtoto anayedhoofika juu wazazi walirudiana kitandani kabla hajaacha ziwa. Ukifikiria, wazee walikuwa wanaona kitu cha kweli: mama akishika mimba haraka, mtoto aliachishwa ghafla, chakula hakikuwa cha kutosha, akadhoofika. Waliona mtoto anaumia. Maziwa yakabebeshwa lawama. Lakini kumnyima mtoto wa miezi tisa maziwa juu ya kuogopa hiyo kitu ni kumletea hiyo hiyo shida kwa mlango mwingine. Maziwa ya kopo ni pesa. Ukikosa hizo pesa utaongeza maji kwa maziwa, na mtoto ndiye atalipa.

Jirani sasa. Hapa ndipo nataka kila mtu aweke simu karibu na macho. Kunyonyesha kunaweza zuia mimba, ni kweli, lakini kwa masharti matatu, na yote lazima yawe pamoja: mtoto hajafika miezi sita, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa yako tu, mchana na usiku, bila mapengo marefu. Yote matatu yakiwa sawa, chini ya wanawake 2 kati ya 100 watashika mimba kwa hiyo miezi sita. Moja likivunjika, hiyo njia imeisha, tafuta nyingine siku hiyo hiyo.

Na yai hutoka kabla ya damu. Kama wiki mbili mbele. Yaani unaweza shika mimba kabla hujaona hedhi ya kwanza. Kungoja damu ndio uanze kujichunga ni kufunga mlango mwizi akiwa ashaketi kwa kiti.

Binamu yangu anajua. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na miezi saba, anakula, analala usiku wote. Yeye amerudi chuo, ananyonyesha asubuhi na jioni, na alikuwa ameambiwa hayo maneno ya jirani yangu, neno kwa neno. Akaanza kuskia kizunguzungu, akasema ni uchovu. Kichefuchefu, akasema ni chakula cha kantini. Alipopima mimba, kipimo kikaleta mistari miwili. Watoto wake wamepishana miezi kumi na sita, na katikati yao hakuona damu hata tone. Anawapenda wote wawili, usimwongelelee vibaya. Lakini masomo yamesimama, na hakuna mtu alimuuliza kama alitaka yasimame.

Fikiria pia msichana wa sekondari. Tangu 1994 sera ya Kenya imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shule. Vizuri sana. Lakini akirudi darasani, mtoto ananyonya asubuhi na usiku. Yale masharti matatu yanavunjika siku ya kwanza ya muhula, na hakuna mwalimu anamwambia.

Mimi nilikuwa nimewekwa koili ya shaba nikienda kliniki ya wiki sita. Haina homoni, haiguzi maziwa. Wengine wanachagua sindano, kipandikizi, ama vile vidonge vya homoni moja, na hizo pia mama anayenyonyesha anaweza tumia. Vidonge vya kawaida vya homoni mbili ndivyo wanakuambia ungoje hadi mtoto afike miezi sita. Ongea na nesi, umwambie unanyonyesha. Usichukue tu chenye beste wako anatumia.

Na baba mtoto wangu. "Mwili urudi kawaida." Buda, hii ndio kawaida. Hedhi na maziwa vinaweza kaa pamoja miezi mingi, na mwili haujakwama. Kuachisha ghafla juu ya damu ndiyo shida: matiti yanajaa yanakuwa mawe, yanaweza pata maambukizi, unapata homa. Na kuna wamama ambao moyo unashuka wakiachisha, wanalia bila sababu, juu homoni zinabadilika. Ukiondoa ziwa moja, ungoje siku kadhaa, halafu lingine, mwili unazoea. Nilimwelezea hivyo hivyo. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hivyo usiku nani ataamka?" Nikamwambia tutapeana zamu. Siku hizi yeye ndiye anapika uji wa saa kumi na moja asubuhi. Haujawahi kukosa madonge, lakini mtoto anakunywa.

Hedhi zenyewe za kwanza haziko kama ulivyoziacha. Zangu zilikuja nzito, halafu zikapotea wiki saba, halafu zikarudi siku mbili tu. Mzunguko huwa unayumba ukiwa unaachisha mtoto, na koili ya shaba pia inaweza ongeza damu. Zikipotea hivyo na hauko kwa njia yoyote, pima mimba, usikisie. Kula vitu vya kurudisha damu: maini, terere, kunde, maharagwe. Lakini kama unajaza sodo nzima kwa saa moja, na saa inayofuata tena, ama unapata kizunguzungu, ama damu imepita wiki bila kupungua, hiyo si ya kuvumilia. Nenda hospitali.

Chenye kinanikasirisha ni hiki. Kila mwezi nilipeleka mtoto kliniki. Alipimwa uzito, akachorewa mstari kwa kijitabu. Mara tisa. Kwa hizo mara tisa hakuna mtu aliniuliza, "Na wewe, hedhi imerudi?" Swali la sekunde tatu. Nesi nilipomuuliza mimi mwenyewe, alinielezea kwa dakika tano, vizuri kabisa, na mengi ya hayo ndiyo nimewaandikia hapa. So elimu iko. Iko tu nyuma ya mdomo wa mtu amechoka, ana foleni ya wamama arobaini, na anangoja uulize. Na utauliza aje kitu hujui kipo?

Niliendelea kumnyonyesha, asubuhi na usiku, na damu ikija inaenda. Hakuhara. Aliacha ziwa la mwisho akiwa na mwaka na miezi mitatu, wakati mimi na yeye tulikuwa tayari. Shosho alipomwona Disemba akamshika mashavu, akasema, "Huyu amenyonya vizuri." Sikumkumbusha.

Kama kuna dadako, binamu yako ama jirani ananyonyesha saa hii, mtoto amegusa miezi sita ama ameanza kula, muulize leo kama kuna mtu ashamwambia yai hutoka kabla ya damu. Na nyinyi maboyz mnasoma hii kimyakimya, mko na watoto pia. Ulizeni.